Wenye King'ong'o

Njombe,
11 Februari 2024

Shangazi yangu Feliciana,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba upepo wa Makambako haujaondoka na bati lako. Sisi huku tupo. Mvua imenyesha kila siku tangu Krismasi, nguo hazikauki, mke wangu Priska ana kikohozi lakini anakwenda kazini hivyohivyo, na watoto wote wawili wamepanda darasa. Mama anakusalimu kutoka Mawengi. Anasema mahindi yake yamesimama vizuri, ila ngedere wamemzidi akili.

Nakuandikia kwa sababu ulishasema kwamba kwenye simu watu hudanganya upesi kwa kuwa hawapati muda wa kuona aibu. Basi, hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, atakuachia pale dukani kwa Flora, stendi, kama kawaida yetu.

Kazini nimepata sifa kidogo, na kwa kuwa sifa kwangu ni kama sukari msibani nakuambia kabla hazijaisha. Unajua mimi ni karani wa kompyuta katika ofisi hii ya kadi za matibabu za walimu wastaafu. Orodha ya majina ilitujia kutoka kwenye kata ikiwa na uchafu mwingi, vialama vya ajabu katikati ya majina ya watu. Wenzangu walikuwa wanasahihisha jina mojamoja tangu Novemba. Mimi nimeisafisha yote Alhamisi, kabla ya chai ya saa nne. Bwana Anold, mkuu wetu, alisema mbele ya ofisi nzima kwamba mtu kama mimi angepaswa kuwa Dodoma. Kadi mpya zinatoka mwezi huu na yako imo.

Nimechoka, lakini uchovu wa safari hii si mbaya. Pasaka nitakuja.

Mwanao,
Wiliam


Makambako,
6 Machi 2024

Mwanangu Wiliam,

Kamwene na wewe. Mwambie Priska aache maji ya baridi, achemshe tangawizi, na asiseme hana muda. Mimi nipo. Oktavia, yule mpangaji wangu fundi cherehani, amepata tenda ya sare za kwaya na nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha zambarau. Malori yanapita mpaka Jumapili wakati wa misa, padri anapaza sauti kama mnadani. Viazi vyangu vya nyuma ya nyumba vimeoza kwa mvua. Sikuvililia, nimeshaoza viazi vingi maishani.

Kadi imefika. Imeandikwa FELICIANA MNGONGO. Niliisoma mara tatu nikidhani ni macho yangu. Mngongo ni nani? Mgongo naujua, unaniuma kila asubuhi. Mngongo hatujawahi kuonana.

Ningeicheka na kuitupa kabatini, lakini nilikwenda nayo hospitali kujiandikisha. Kuna madaktari wa macho wanaokuja mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na wanamwona tu aliye kwenye orodha. Msichana wa dirishani akaweka kadi yangu na kitambulisho changu pamoja, akatazama mashine, akasema, "Mwalimu, mfumo unakataa. Huku ni Mng'ong'o, huku ni mtu mwingine." Nikamwambia mtu mwingine huyo simjui, nipe nafasi yangu. Akasema hata yeye angependa.

Usishtuke kuhusu macho. Ni ukungu kidogo kwenye jicho la kushoto, labda mtoto wa jicho kama wa babu yako. Uzee tu.

Wewe uko ofisi hiyohiyo. Niulizie koma zangu za juu zimekwenda wapi. Zilikuwa mbili.

Shangazi yako,
Feliciana Mng'ong'o


Njombe,
2 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pasaka imepita na sikuja. Sina sababu nzuri. Gari ni saa moja tu, najua, usinikumbushe. Kikohozi cha Priska kimehamia kwangu. Mama alikuja na gunia la mahindi mabichi, akakaa siku nne akilalamika kwamba nyumba yetu ina baridi kuliko ya kwake Mawengi, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Sasa koma zako. Nitakueleza kama ninavyoelewa mimi, na uniwie radhi mtoto kumfundisha mwalimu.

Kompyuta haijui kusoma. Inajua namba tu. Ukibonyeza A kubwa, yenyewe inatunza 65. Zamani kila nchi ilikuwa na namba zake, kwa hiyo maandishi yakitoka kwa Mrusi kwenda kwa Mjapani yalifika takataka. Wataalamu wakakaa wakatengeneza rejesta moja ya dunia nzima, na karibu kila herufi ambayo binadamu wanaandika ikapewa namba yake humo. Waarabu wamo, Wahabeshi wamo, Wachina wamo na makumi elfu yao, hata maandishi ya watu waliokwisha zamani yamo, pamoja na vile visura vya kucheka ambavyo watoto wanatumiana kwenye simu.

Taabu ni kwamba koma ya juu imeandikishwa zaidi ya mara moja. Ile iliyonyooka ya kwenye kibodi ni namba 39. Ile iliyopinda, ambayo programu ya kuandikia huiweka yenyewe ili ipendeze, ni 8217. Halafu iko 700, na hiyo ndiyo rejesta inaihesabu kuwa herufi, si alama tu, lakini hapa sijaona kibodi inayoitoa. Kwa macho ni mapacha. Kwa kompyuta hazina hata undugu wa mbali. Mng'ong'o wa 39 na Mng'ong'o wa 8217 ni watu wawili, na makarani wa kata kila mmoja alitumia aliyoikuta.

Tena hiyo 8217, kwa ukubwa wa namba yake, inasafirishwa ikiwa vipande vitatu. Mashine inayopokea isipoambiwa kwamba vitatu hivyo ni kitu kimoja, inasoma kila kipande kama herufi nzima. Jina letu lilifika hapa hivi: Mngâ€™ongâ€™o. Ilikuwa hivyo karibu kila penye king'ong'o, ile sauti ya ng' ya puani. Ndiyo maana alama zile zilifutwa, majina yasomeke. Kumbe hospitali wanataka jina lifanane na kitambulisho herufi kwa herufi. Ndivyo mfumo ulivyo.

Nimeweka humu fomu ya marekebisho. Andika jina kamili kwa mkono wako, weka sahihi, ambatanisha nakala ya cheti cha ualimu. Wanasema wiki sita. Najua Aprili ndiyo hii.

Wiliam


Makambako,
5 Mei 2024

Wiliam mwanangu,

Pole na kikohozi. Mama yako akirudi mwambie baridi ya Njombe na ya Mawengi ni dada, asiwagombanishe. Huku mvua zimepungua, pombe ya ulanzi imekwisha, na Oktavia amemaliza sare za kwaya. Zambarau imehamia kanisani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili alinisomea Oktavia kwa sababu mwanga ulikuwa hafifu. Nimeipenda hiyo rejesta ya dunia. Nimefurahi kusikia Wahabeshi wamo. Ila Oktavia anasema ile alama ya katikati ni ya hela za Ulaya. Marehemu baba yangu hakuwahi kuziona hata kwa mbali, kumbe zilikuwa ndani ya jina lake!

Na hiyo 700 inayohesabiwa herufi, basi ndiyo niliyoifundisha miaka thelathini na tisa, Mawengi, Ipelele, Ludewa mjini na hapa. Watoto walidhani ni koma iliyopanda juu kukwepa matope. Niliwaambia hilo si pambo, hiyo ndiyo sauti yenyewe, ukiiacha n'gombe hatakuja hata umwite mpaka jioni.

Madaktari walikuja tarehe 22 wakaondoka tarehe 26. Nilikwenda. Jina halikuwamo. Niliambiwa nikae kwenye benchi wakaangalie tena, na pale benchini nikamkuta Danieli N'gande, niliyemfundisha Ipelele, naye sasa ni mwalimu mstaafu mwenye mke anayeumwa. Nikamkuta mjane wa marehemu Ng'umbi. Nikamkuta mwalimu mwenzangu wa zamani, Prisila Mng'ong'o, ambaye si ndugu yetu lakini tunaitana dada. Akina Ngailo walipita, akina Sanga walipita, sisi tumekaa. Nikaangalia ile benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, nikacheka peke yangu. Wote tulikuwa wenye king'ong'o. Mchana tukarudishwa nyumbani.

Fomu nimejaza, iko humu.

Neno moja la sarufi kabla sijafunga. Umeandika "zilifutwa". Kauli ya kutendwa ni nzuri pale ambapo mtenda hajulikani. Sikuulizi kitu. Nakumbusha somo.

Shangazi yako,
Feliciana Mn'gong'o


Njombe,
14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, miezi miwili, sina la kujitetea. Baridi ya mwaka huu ni ya kuua. Asubuhi ukungu unaingia na wateja ofisini. Watoto wazima. Priska anauliza kwa nini sikuandikii, namwambia nimeandika.

Fomu yako imekataliwa. Dawati la uhakiki wanasema mwandiko wa jina haufanani na wa kwenye cheti. Nilikasirika, nikaichukua nikaitazama mwenyewe. Umeandika Mn'gong'o. Koma ya kwanza imeangukia kati ya n na g. Nikafungua barua yako ya Mei: n'gombe, N'gande, na sahihi yako vilevile. Mkono wako, Shangazi, mkono ulioniandikisha ng'ombe mara mia!

Ule ukungu unaendeleaje? Niambie kweli.

Kuhusu sarufi nimekuelewa. Nimechoka tu. Kila siku kuna watu dirishani na kadi mkononi, na kabla hawajataja jina najua lina sauti gani. Natazama chini, nawapa fomu.

Na wewe nakutumia nyingine. Andika taratibu.

Wiliam


Makambako,
18 Agosti 2024

Mwanangu Wiliam,

Kamwene. Anayeshika kalamu leo ni Oktavia, kwa sababu mkono wangu umeingia ganzi ya baridi. Anaandika vizuri, ila herufi zake zina haraka kama cherehani. Hajambo. Mimi sijambo. Kuku wangu wawili wameibwa na jogoo ameachwa, sijui mwizi alikuwa na maana gani. Padri amehamishwa.

Kuhusu macho hatuna haja ya kupoteza karatasi.

Nimekukumbuka ulipokuwa unakaa kwangu Ludewa baada ya mazishi ya baba yako. Darasa la kwanza, dawati la pili kutoka dirishani. Uliniletea daftari limeandikwa "ngombe wa baba". Nikakuuliza koma iko wapi. Ukaniambia, "Imefutika, Mwalimu." Nyumbani uliniita Shangazi, darasani Mwalimu, hukuwahi kuchanganya, nilikupenda kwa hilo. Lakini kwenye karatasi palikuwa na alama ya kidole chenye mate. Haikuwa imefutika. Nikakuandikisha ng'ombe mara mia. Ulipofika mstari wa arobaini ukaanza kulia, nami sikuondoka, nilikaa na wewe kwenye dawati mpaka wa mia. Wenzio walisema nakuonea kwa ajili ya koma. Haikuwa kwa ajili ya koma.

Ndiyo hayo tu. Fomu mpya sijaijaza. Nitaijaza mkono ukipata joto.

Shangazi yako

Kaka Wiliam, hapa chini ni mimi Oktavia mwenyewe, yeye hajui nimeandika. Sio mkono. Jicho la kushoto haoni kabisa tangu Juni. Daktari wa hapa alimwambia sio mtoto wa jicho, ni presha ya macho, na kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudi hata wakipasua. La kulia nalo limeanza pembeni. Anatakiwa aonwe na wale wa Oktoba, akikosa tena basi. Juzi alimimina chai mezani akasema kikombe kimehama. Alinikataza nisikuambie. Mimi nimeshindwa kukaa na jambo hili peke yangu, nisamehe.


Njombe,
1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu ni hiyo moja.

Nilifuta. Kauli ya kutenda, nafsi ya kwanza, umoja. Alhamisi, tarehe 8 Februari, kabla ya chai ya saa nne. Niliiagiza kompyuta itafute chochote kilichosimama katikati ya jina na si herufi ya A mpaka Z, ikiondoe. Ikachukua sekunde tatu. Nikahifadhi juu ya faili la zamani, kwa hiyo la zamani halipo, na kata nazo hazikutunza nakala. Na kabla sijahifadhi niliiona Mngongo kwenye kioo. Niliiona, Shangazi. Nikasema moyoni ni koma tu, nani ataidai.

Ulipoandika Machi nilijua. Ningeweza kwenda kwa Bwana Anold siku ileile. Lakini alikuwa amenisifu mbele ya watu, na mimi maisha yangu yote sijasifiwa mara nyingi. Nikakutumia somo la kompyuta na fomu. Kila nililokuambia kuhusu zile namba ni kweli, na niliutumia ukweli huo kujifichia. Naona aibu.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kumwambia. Akaniuliza, "Wangapi?" Nikasema sijui. Akadhani nafanya jeuri. Nikamweleza kwamba hakuna anayeweza kujua. Majina yenye n na g zikifuatana ni 611. Ukiwatoa akina Sanga, ambao kila mtu anajua hawana koma, wanabaki 388. Katika hao kompyuta haiwezi kuniambia nani alikuwa na king'ong'o na nani hakuwa nacho, kwa sababu namba ikishatolewa haiachi pengo, herufi za jirani zinasogea na kukaa karibu kana kwamba zilizaliwa hivyo. Tulifungua majalada ya karatasi. Fomu nyingi zilijazwa na watu wa kata kwa herufi kubwa, bila koma hata moja. Wenyewe wakija na vitambulisho tutawarekebisha, lakini wengi wako vijijini huko Makete na Ludewa, watajua siku watakayougua.

Jina lako nimelirudisha mbele ya Bwana Anold, kwa kutumia nakala ya cheti uliyotuma Mei, bila fomu nyingine. Koma zote mbili. Nimetumia 39 kwa kuwa ndiyo hospitali wanayoijua. 700 ndiyo haki yetu, lakini sina nguvu za kugombana na dunia. Umo kwenye orodha ya madaktari wa Oktoba, tarehe 15. Nimeiona. Nimepiga simu hospitali na kuwasomea jina herufi kwa herufi, na wao wakanisomea.

Mkataba wangu unaisha Desemba na hautaendelea. Kwa hilo silalamiki.

Oktavia usimkemee. Yeye ndiye pekee kati yetu watatu aliyesema jambo kwa wakati.

Sijui nianzie wapi kukuomba msamaha kwa kitu ambacho hakirudi. Mara mbili nimefika stendi hapa, nikakata tiketi ya Makambako, nikarudi nyumbani.

Wiliam


Makambako,
10 Novemba 2024

Wiliam mwanangu,

Kamwene. Salamu zitakuwa fupi maana naandika mwenyewe na ni kazi. Oktavia hajambo, nilimkemea kidogo kisha nikamnunulia kitenge. Mvua za kwanza zimeanza. Yule jogoo bado yupo.

Walinipasua jicho la kulia tarehe 17 Oktoba. Limeokoka, si lote, lile lililobaki. Naona mbele kama mtu anayechungulia dirishani, pembeni hakuna kitu. La kushoto ndiyo basi. Daktari alikuwa binti mdogo, ningeweza kuwa nimemfundisha mama yake. Akaniuliza, "Bibi, Aprili ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa hapohapo nje, kwenye benchi.

Sasa nami niseme langu, kwa kauli ileile uliyotumia wewe. Nilijua. Nilijua tangu Machi. Kadi ilipofika nilitoa barua yako ya Februari kwenye droo nikaisoma: Alhamisi, vialama vya ajabu, kabla ya chai. Sikuhitaji kompyuta. Ningechukua simu nikakuambia, "Wiliam, umefuta jina letu, lirudishe," ungelia kidogo ukalirudisha, na Aprili ningepita pamoja na akina Sanga. Sikupiga. Nilitaka useme mwenyewe. Nikakaa nakungojea kama nilivyokungojea kwenye lile dawati, miezi sita, na huku jicho linaondoka, nami naandika vijembe vya sarufi. Nilidhani bado nakulea. Ulikuwa ukaidi, Wiliam, na ninaujutia. Kwa hiyo jicho hili usilibebe lote peke yako. Nusu ni yangu.

Nimekasirika? Ndiyo. Siku nyingine nikitafuta mlango wa jikoni kwa mkono nakasirika sana. Halafu natafuta mlango, napika.

Danieli Ng'ande alikuja kunitazama. Mkewe amerudishwa tena Oktoba, na anasema kijijini kwao Ipelele wako wengine. Basi fikiri hivi. Umesema kompyuta haiwezi kujua nani alikuwa na king'ong'o. Mimi naweza. Nimeita majina kila asubuhi miaka thelathini na tisa, yao, ya watoto wao, na walimu wenzangu nilikaa nao ofisi moja. Wapangwa wa Mawengi nawajua, Wakinga nawajua, na ambaye simjui namjua baba yake. Majina hayo yako kwenye masikio yangu, na masikio hayajaguswa. Mwambie Bwana Anold kuna shahidi, na kama anataka cheti anacho jaladani.

Kwa hiyo njoo Jumamosi na hiyo orodha. Wewe utaita jina, mimi nitakuambia kama lina koma au halina, na wewe utaiweka mojamoja kwa mkono wako. Usiagize mashine. Akina Sanga waache nyumbani.

Utaona koma zangu zote humu zimekaa mahali pake. Nimepata njia. Nikimaliza kuandika g, naweka kidole cha kushoto juu yake na kalamu inakuja kugusa ukucha. Ukurasa mmoja umenichukua siku mbili.

Ni majina 388. Ukifika la arobaini utataka kulia. Nitakaa na wewe mpaka la mwisho.

Shangazi yako,
Feliciana Mng'ong'o